Mkutano wa Siku ya Bamvua

Kwetu siku inaanza na kikohozi changu. Halafu jogoo wa jirani. Halafu mke wangu anauliza, "Mmeamka wote wawili?" Basi, kumekucha.

Mimi ni fundi baiskeli. Kibaraza changu kiko mbele ya nyumba, na bahari iko nyuma. Habari za bahari sizijui sana. Mimi najua pancha, najua breki, najua minyororo. Wachuuzi wa pweza wananiletea baiskeli zao kila wiki, maana chumvi inakula chuma. Chumvi imenilisha miaka mingi. Sikujua kama siku moja itakuja kunichosha mezani kwangu mwenyewe.

Nikueleze ilivyokuwa.

Siku hiyo tumekaa kula. Mimi, mke wangu, mwanangu na mkwe wangu, yaani mke wa mwanangu. Kimya. Kijiko kikigonga sahani unaona kama ngoma.

"Baba," mwanangu akasema, "mwambie mwenzangu anisogezee chumvi."

Huyo mwenzake amekaa hapo hapo. Akinyoosha mkono anamgusa.

"Mkwe," nikasema, "chumvi."

"Baba, mwambie aje aichukue mwenyewe," mkwe akajibu. "Si hodari wa kuchukua vya watu?"

Nikainuka na mgongo wangu huu, nikachukua kile kibakuli cha chumvi, nikakizungusha mpaka upande wa pili. Mke wangu akanitazama, akacheka puani. Yeye magoti yake hayamruhusu kuinuka inuka, kwa hiyo kazi ya chumvi ilikuwa yangu. Asubuhi chumvi. Jioni chumvi. Nilichoka, nakwambia.

Sasa kwa nini walinuniana? Sababu ni mwamba.

Nyuma ya nyumba zetu kuna mwamba mrefu baharini. Maji yakijaa, huuoni. Maji yakipwa sana, unatoka wote juu, umejaa mashimo, na ndani ya mashimo kuna pweza. Siku hizo za maji kujaa sana na kupwa sana zinaitwa bamvua. Bamvua likija, wanawake wanatoka na vyuma vyao vyenye ncha na kikapu. Wanatembea kwa miguu juu ya mwamba, wanatafuta pweza mashimoni. Mke wangu alifanya kazi hiyo mpaka magoti yakakataa. Mkwe wangu akaichukua. Nyumba hii imekula pweza, imevaa pweza, imeezekwa kwa pweza.

Lakini miaka hii pweza wamekuwa wadogo. Pweza wa ngumi. Mchuuzi mmoja alisema, "Fundi, huyu nimpime au nimnyonyeshe?" Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa kichungu.

Ndipo akaja mtaalamu wa bahari. Kijana mtaratibu, macho mekundu kwa kuzamia kila siku. Tukamwita Bwana Samaki. Alichosema kilikuwa kweli, simdhulumu. Alisema pweza anakua haraka sana. Ukimwacha miezi michache tu, mdogo anakuwa mkubwa. Na jike akishataga, anakaa shimoni kulinda mayai. Ukimchoma yeye, umeua na watoto wote. "Pumzisheni sehemu moja ya mwamba," alisema. "Halafu fungueni. Mtaona."

Ukaitishwa mkutano. Watu wakanyoosha mikono, wakapiga makofi. Sehemu ikachaguliwa, ile ya karibu na sisi. Maboya ya rangi ya chungwa yakafungwa majini kuonyesha mpaka. Kamati ikaweka watu wa doria. Mwanangu, ambaye alikuwa baharia katika boti za wenzake, akapata kazi hiyo. Alipewa filimbi na kofia. Wanawake wakamwita Kofia, na jina likamganda.

Mambo yakaharibika mapema. Maboya yakakatwa. Yakafungwa mengine, nayo yakakatwa. Moja nililiona kwa jirani, kuku wanalinywea maji. Bamvua likija, wanawake wanaingia mwambani palepale palipofungwa. Doria wanapiga filimbi, wanawake wanajifanya viziwi. Bwana Samaki akaleta picha za ukutani za kuelimisha watu. Watu wakazipokea kwa heshima, wakazibia madirisha.

Halafu siku moja Kofia akamkamata mke wake.

Mbele ya wenzake wa doria. Angefanyaje? Akamnyang'anya chuma chake, kikapelekwa ofisi ya kamati. Chuma kile mke wangu ndiye aliyemrithisha. Mpini wake umelainika kwa mikono ya wanawake wawili. Kamati ikasema: akikamatwa tena, hakanyagi mwamba maisha yake. Na mumewe atavuliwa kofia.

Jioni ile mkwe wangu alitoa begi chini ya kitanda. Akalisimamisha karibu na mlango.

"Bamvua lijalo nakwenda mwambani," alisema, ananiambia mimi. "Nitaazima chuma. Nikikamatwa, nachukua begi langu hapo, narudi kwetu. Asinifuate mtu."

"Baba, mwambie sheria ni sheria," mwanangu akasema, anautazama ukuta.

"Baba, mwambie sheria haipikwi."

Mke wangu akafunga macho. "Jamani, mimi nimechoka," akasema. "Nendeni mkalale."

Begi likabaki mlangoni. Kila nikitoka asubuhi nalikwepa. Mtu mzima, nakwepa begi kama mbwa mkali.

Basi bwana, siku ya tatu au ya nne hivi, akaja mama mmoja anasukuma baiskeli. Tairi la nyuma limelala kabisa.

"Shikamoo, mzee. Hodi hapa."

"Marahaba, mama. Karibu. Hiyo si pancha, hiyo ni maiti."

Akacheka, akakaa juu ya debe langu la zana bila kulifuta. Nikampenda hapo hapo. Alisema anafanya kazi na Bwana Samaki.

"Na wewe unahesabu pweza?" nikamuuliza.

"Hapana, mzee. Mimi nilisomea watu."

"Watu nao wanasomewa?"

"Wanasomewa. Wanavyoishi, wanavyogawana kazi, nani anasema na nani ananyamaza. Hata wanavyogombana."

"Ukitaka ugomvi, ingia ndani," nikasema. "Kuna begi mlangoni, uliruke."

Akanitazama vizuri. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau. "Mzee, mwenzangu Bwana Samaki anamjua pweza sana. Lakini pweza hakukata maboya. Watu ndio waliokata. Sasa mbona hakuna aliyewauliza watu kwa nini?"

Nikaacha pampu. Kweli. Tumepewa picha, tumepewa filimbi. Kuulizwa bado.

Mkwe wangu alikuwa anafua uani. Mama yule akamsogelea, akaomba kuongea naye. Mkwe hata hakuinua kichwa.

"Nimechoka kuulizwa," akasema. "Kila mwaka wanakuja. Una watoto wangapi, una choo gani. Wanaandika, wanaondoka. Choo ni kilekile."

"Basi sikuulizi," mama akasema. "Nipe hizo nguo nisuuze. Wewe niambie tu umechoka na nini."

Loo! Kama bomba limepasuka. Mkwe aliongea mpaka povu likaisha ndani ya beseni. Mke wangu akavuta kiti chake mlangoni asikie, na mimi nikajifanya natafuta spoki karibu na hapo.

"Walifunga mahali petu," mkwe akasema. "Sisi hatuna boti. Tunakwenda kwa miguu. Kwa miguu unafika pale tu. Kule mbele ni wenye boti na miwani ya kuzamia. Kwao hawakufunga hata shimo moja! Na mimi nina mama mkwe hatembei, nina baba mkwe anapatana na mgongo wake siku moja moja."

"Lakini mkutanoni mlikubali. Mikono ilinyooshwa."

"Mikono ya nani? Mimi sikuwepo. Mwanamke gani alikuwepo?"

"Mlikuwa wapi?"

"Mwambani! Waliitisha mkutano siku ya bamvua, asubuhi, maji yamekauka. Nani ataacha mwamba uliokauka akakae kwenye benchi asikilize hotuba?"

Mama yule akaacha kusuuza. "Siku hiyo aliipanga nani?"

"Ofisi. Wao wana Jumatatu na Alhamisi. Sisi siku zetu tunazitazama kwenye mwezi."

Mke wangu akasema kutoka mlangoni, "Mimi nilikuwepo nyumbani, magoti haya. Lakini mgonjwa haitwi mkutanoni, anaitwa hitimani tu, kwenye dua za marehemu."

Basi ndilo kosa lenyewe, ndugu msomaji. Hapakuwa na mwizi wala mbaya. Mkutano ulifanywa siku ambayo wenye mwamba wako mwambani. Wanaume wakaulizwa, nao wakajibu kwa moyo safi.

Mama Maswali, hilo ndilo jina tulilompa ingawa anauliza kidogo, alizunguka nyumba baada ya nyumba. Ilikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haikauki vizuri, kwa hiyo wanawake wako nyumbani. Alikaa na wajane, na wachuuzi, na wenye boti vilevile. Mwenyekiti wa kamati alilalamika kwamba hii si kazi ya bahari, ni umbea. Mama Maswali akamjibu taratibu, "Mwenyekiti, mmenunua kamba ya maboya mara ngapi? Na umbea ni bure."

Halafu akaniomba uwanja wangu. Mimi nilidhani anataka kuweka viti. Kumbe anataka kuweka bahari.

Jioni wakaja watu, wanaume na wanawake. Ndiyo, wanawake walikuja, maana maji yalikuwa mafu. Mama Maswali akasema, "Hapa chini tutengeneze mwamba. Fundi, utuazime vitu vyako."

Wakatandaza mnyororo mrefu wa baiskeli: huo ndio ukingo wa mwamba. Tyubu kuukuu ikawa mkondo wa maji. Pedali ikawa ofisi ya kamati, na mtu akasema inafanana, inazunguka bila kwenda popote. Mwenyekiti akacheka kidogo, akakumbuka yeye ni nani, akaacha.

"Kwanza wanaume," Mama Maswali akasema. "Wekeni nati kila mahali mnapovua."

Wanaume wakaweka nati zao mbali, nje ya mnyororo na ukingoni. Sehemu iliyofungwa wakaiacha tupu. Mwanangu akainyooshea kidole. "Hapa hapana kitu cha maana, wanawake huokota wawili watatu tu. Ndiyo sababu tulipafunga. Tunapita juu yake kila siku na boti, ni maji matupu."

Wanawake wakaangua kicheko.

"Kofia," mama mmoja akasema, "wewe unapita maji yakijaa! Ni sawa na mtu anayepita juu ya paa, anasema ndani hamna watu."

Sasa wakainama wao. Wakachukua kopo la nati, wakaanza kupanga. Kila nati ni shimo, na kila shimo lina jina. Hili ni Jiko Kubwa. Hili ni Mlango Mbovu. Hili ni shimo la kina la Mama Mkwe, kwa sababu pweza wa humo akikushika hakuachii. Mke wangu akasema, "Nawasikia!" Watu wakacheka. Nati zikajaa, zikapandana. Pale palipokuwa patupu pakawa kama mji.

Mwanangu alichuchumaa. Alishika filimbi yake, akaiachia, akaishika tena. Nilimwona anamtazama mke wake, na mke wake anapanga nati, hamtazami.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "sisi tulifunga jiko la watu, tukadhani tumefunga stoo."

Jibu lilikuwa chini pale, linang'aa kwa grisi.

Bwana Samaki alikuwepo muda wote, amesimama nyuma. Nilidhani atakasirika. Kumbe alichuchumaa na yeye, suruali ikaingia grisi, akauliza kwa hamu, "Mama zangu, ni mashimo gani mnaona jike amekaa na mayai?"

Mkwe wangu ndiye aliyemjibu. "Hawa wa karibu ni wachache. Wengi wako huku, karibu na mkondo. Utajua tu, anaziba mlango kwa mawe, na hatoki hata umchokoze."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulituuliza lini, kaka?"

Akatikisa kichwa. "Nilizamia miezi," akasema, "kumbe majirani wa pweza wako hapa."

Usidhani ilikwisha hapo kwa kukumbatiana. Waligombana mpaka nikawasha taa. Bwana Samaki akaonyesha kwamba ule upande wa mkondo, wenye majike wengi, ndio wa kupumzisha. Lakini huko wanafika wenye boti na miwani. Wenye boti wakapiga kelele. "Sasa ni sisi tufungiwe?"

"Mlipofunga kwetu mlipiga makofi," mkwe wangu akasema. "Pigeni tena."

Mwisho wakaelewana, kila mmoja amenuna kidogo. Upande wa mkondo utapumzika miezi kadhaa, kwa wote. Mwamba wa karibu utabaki wazi kwa waendao kwa miguu, ila pweza wa ngumi na jike mwenye mayai hawaguswi. Nao wenye boti hawataingia pale. Siku ya kufungua, wote wataingia pamoja. Wanawake watakuwa na viti kwenye kamati. Na mikutano, Mama Maswali akasisitiza, itapangwa kwa kutazama maji kwanza. Mwenyekiti akauliza kama basi tuweke na mwezi kwenye ukuta wa ofisi. "Weka," wakamwambia.

Watu wakaondoka. Mimi nikabaki naokota bahari yangu. Nati nyingine mpaka leo sijazipata.

Bamvua likaja. Alfajiri nilimkuta mkwe mlangoni, kikapu mkononi. Begi lake liko palepale. Alikuwa bado hajaniambia kama ameazima chuma. Mwanangu akatoka nyuma yangu. Alikuwa na chuma cha mkewe, kile chenyewe cha mke wangu, amekichukua ofisi ya kamati, akakisugua kutu na kukipaka mafuta. Mafuta yangu, lakini nilinyamaza.

"Baba," akaanza, "mwambie..."

"Mimi sisemi neno," nikasema. "Nimestaafu."

Akamgeukia mkewe. "Mwenzangu," akasema, "chuma chako. Na leo nataka twende wote. Nikauone mwamba ukiwa mkavu."

Mkwe akakipokea. Akakigeuza, akakitazama. "Utavaa viatu gani?" akauliza.

"Hivi."

"Hivyo utateleza."

Na aliteleza kweli. Wanawake walinieleza wote, kila mmoja kwa zamu yake. Kofia alitumbukia Shimo la Mama Mkwe mpaka kiunoni, na kofia ikaelea. Mke wake ndiye aliyemvuta. Walirudi wameloa, wamechoka, mguu wa mwanangu umechubuka. Mkwe akapita na kikapu, akalisukuma begi kwa mguu apate njia. Jioni nilipotoka kufunga kibaraza, halikuwepo mlangoni. Nikachungulia. Liko chini ya kitanda.

Miezi ikapita. Maboya upande wa mkondo hayakukatwa. Nani akate? Wenyewe ndio waliopachagua. Doria wakapunguzwa, kwa sababu sasa kila mama aliye mwambani ni doria, na hao hawahitaji filimbi. Siku ya kufungua, pweza walitoka wakubwa, wa kubebwa kwa mikono miwili. Si kila mtu alipata sawa. Wako waliolalamika, watakuwepo siku zote. Lakini mchuuzi wangu alikuja na kikapu kimeinamisha baiskeli upande mmoja, akasema, "Fundi, huyu sasa aninyonyeshe mimi."

Nilimuuliza Mama Maswali kabla hajaondoka: hii elimu yako ya watu, kwa kifupi ni nini? Alikuwa amechoka, anajipaka mafuta ya mgando kwenye nyayo. Akasema, "Bahari hatuwezi kuiamrisha, mzee. Tunachoweza kubadilisha ni tunavyoishi nayo. Na mtu hawezi kubadilika kwa jambo ambalo hakuulizwa."

Basi wewe unayesoma hapa, labda kwenu si pweza. Labda ni kisima, au msitu, au soko. Wakija kufunga kitu, uliza: wanaokitumia wako hapa? Kama hawapo, uliza wako wapi na watarudi saa ngapi. Kisha uwasubiri.

Jana tumekaa kula. Mkwe ametoka mwambani, miguu imevimba. Mwanangu macho mazito. Mke wangu anasugua magoti. Wote tumechoka, hakuna wa kumcheka mwenzake.

"Mwenzangu," mwanangu akasema, "chumvi hiyo."

"Huna mikono?" mkwe akasema, huku anamsogezea.

Mimi nikaendelea kula. Sikuinuka.